Mkono umetulia, mbona Mama hasemi na wajukuu?

Wiki hii tena tumeitwa wezi. Kijana kamleta baba yake, kasikia bei ya kurekebisha mashine inayopeleka umeme ndani ya ubongo ili kutuliza mtetemo, akafoka: "Upasuaji tulishamaliza India! Nyaya ziko kichwani, betri iko kifuani, mnatoza nini tena?"

Si wa kwanza, kwa hiyo namjibu hapa. Upasuaji unafikisha waya mahali pake. Kutafuta kipimo cha umeme ni kazi inayofuata, na haiishi siku moja. Wiki za mwanzo mkono unaweza kutulia hata mashine haijawashwa, kwa sababu ubongo umevimba kidogo pale waya ulipopita. Uvimbe ukiisha mtetemo unarudi, nasi tunaambiwa tumeharibu.

Kwa wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu, waya mara nyingi huwekwa kwenye kiini kilicho ndani ya ubongo, kisichozidi harage. Upande mmoja wa kiini hicho unahusika na mwendo, upande wa jirani na hisia. Mzee mmoja alijiongezea umeme kwa rimoti. Mkono ulitulia tuli, lakini siku tatu hakulala, anacheka, anapigia watu simu usiku, kisha akachukua bodaboda mbili kwa mkopo. Tukashusha umeme, tukahamisha pointi ya waya inayotoa umeme, akarudi kuwa yeye. Mkopo bado analipa.

Wanaotaka kubana matumizi ndio wanaotutesa. Baada ya upasuaji huu levodopa, vidonge vya Parkinson, hupunguzwa, polepole. Familia ikisikia "hupunguzwa" inaacha kununua. Mama mmoja aliletwa mkono umetulia kabisa, ila hali chakula, hasemi na wajukuu, anatazama ukuta. Nyumbani walishamwita mganga. Daktari alirudisha sehemu ya vidonge, mama akaanza tena kugombana na mpishi. Na mgonjwa akisema hataki kuishi, usingoje miadi, mlete siku hiyo hiyo.

Wenye mtetemo usio wa Parkinson waya wao huwa kwenye thalamasi, sehemu nyingine ndani kabisa ya ubongo. Hao umeme ukizidi ulimi unakuwa mzito na miguu inayumba. Ndiyo maana hatumwachii mtu mpaka aongee, achore duara, atembee korido kwenda na kurudi. Saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Hiyo ndiyo bei.

Mkija, leteni vidonge vyote, rimoti, na mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Huyo wa mwisho tunamuuliza maswali mengi kuliko mgonjwa, na hatumtozi.