YAH: Malalamiko Kuhusu Kunyimwa Njia ya Kitulo na Matamba Tuliyokwisha Kuilipia

Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Magari,
IRINGA.

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Februari mwaka huu, mimi na wenzangu niliosoma nao sekondari tulikodi kwenu Land Cruiser pamoja na dereva, kwa ajili ya kuwatembelea ndugu na marafiki wa zamani wa Mafinga, Makambako na Mbeya, hadi kwa baba yangu mkubwa Tukuyu. Mkataba unasema wazi kwamba wakati wa kurudi tungepandia Isyonje, tuvuke Kitulo hadi Matamba, kisha tuteremke zile kona 57 hadi Chimala. Kwa ajili ya kipande hicho mlitutoza fedha za ziada, na risiti yenu imeandikwa "nyongeza ya barabara ya vumbi".

Kuhusu gari kuchelewa asubuhi ya safari na hita yake kutofanya kazi sitasema mengi, maana baridi ya Nyanda za Juu Kusini tumezaliwa nayo. Dereva wenu pia simlaumu; ni kijana mstaarabu na anaendesha kwa uangalifu.

Tatizo lilitokea siku ya kurudi. Tulipofika njia panda ya Isyonje, dereva aliegesha gari pembeni badala ya kukunja kulia, akatuonesha ujumbe wa ofisi yenu kwenye simu yake: "Usitoke kwenye lami." Nilipowapigia, nilijibiwa kwamba barabara imeharibiwa na mvua. Tukiwa bado tunazungumza, lori la viazi liliteremka kutoka huko huko, limejaa hadi juu, na dereva wake akatuhakikishia kuwa njia inapitika. Nilipowaeleza hilo, sababu ikabadilika papo hapo, mkasema gari linahitajika Iringa jioni ile kwa mteja mwingine. Ningependa kujua ni ipi kati ya sababu hizo mbili mtakayoiandika katika majibu yenu.

Februari hatukuichagua kwa kubahatisha. Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, huchanua maua yake majira ya mvua, na anayefika huko wakati wa kiangazi hukuta nyasi kavu na upepo. Hata hivyo, maua yanaweza kusubiri mwaka mwingine. Lililotuumiza zaidi ni la Matamba, ambako alikuwa akitusubiri mwenzetu ambaye hatujaonana naye tangu tumalize kidato cha nne. Alikwisha kuchinja kuku na kuchemsha viazi, na alikuwa amewaita watoto wake waje kutuona. Simu yake haikupatikana kwa muda mrefu, na alipopata habari kwamba hatufiki, sisi tulikuwa tumeshapita Igawa. Kabla ya hapo, tulipofika Chimala, mlima tuliopaswa kuuteremka ukiwa upande wetu wa kulia, tulimwomba dereva atupandishe angalau tukamsalimie na kurudi. Aliwapigia simu, mkakataa tena.

Kwa sababu hizo, ninaomba mturudishie nyongeza yote ya barabara ya vumbi, pamoja na kodi ya siku ile ya mwisho, ambayo mliifupisha kwa manufaa ya biashara yenu. Ninaomba pia maelezo ya maandishi ambayo nitaweza kumpelekea mwenzetu wa Matamba, kwa kuwa hadi leo anadhani sisi ndio tuliomdharau. Nisipopata majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha nakala yake, mkataba na risiti kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda pia mlaji aliyelipia huduma asiyopewa.

Nimeambatisha nakala za mkataba, risiti na picha ya ujumbe ule.

Wako mteja,
kwa niaba ya wasafiri wote.