Kuhusu kile kipande cha Joshua

Njiro, Arusha
Jumapili jioni

Mama Joshua mpendwa,

Habari za Moshi, na shamba linaendeleaje? Barua yako imenikuta nina siku mbili tu tangu nirudi kutoka Oldupai, kule bondeni tunakochimba mifupa ya wanyama wa kale, vumbi bado halijaisha kwenye nywele.

Umeuliza kama kile kipande alichorudi nacho Joshua kwenye ziara ya shule ni jiwe au mfupa. Kiguse kwa ncha ya ulimi. Kikinata, basi huenda ni kisukuku, mfupa uliogeuka jiwe lakini bado una vitundu vyake. Hata sisi ndivyo tunavyojaribu.

Nakuomba usimgombeze mtoto. Mimi mwenyewe, msimu wangu wa kwanza, niliokota jino la yule kiboko wa kale ambaye macho yake yalisimama juu ya kichwa. Nikalitia mfukoni, nikisema nitalipima baadaye. Jioni nikashindwa kabisa kukumbuka nililitoa tabaka lipi. Nililia, Mama Joshua. Mfupa wa kale namna ile wenyewe hautuambii umri wake. Tunausoma kwenye majivu ya volkano za Ngorongoro yaliyolala juu yake na chini yake. Ukishautoa mahali pake bila kupima, umri unabaki ardhini.

Ndiyo maana msimu huu nimekaa siku kumi na tatu juu ya pembe moja tu. Ni ya Pelorovisi, mnyama wa jamii ya nyati ambaye pembe zake zilitanuka kama mita mbili toka ncha hadi ncha. Jina hilo alilitoa Mjerumani Hans Reck mwaka 1928. Alikuwa amechimba palepale Oldupai mwaka 1913, na mifupa aliyoipata ikaenda Berlin. Juu tulipiga sururu. Tulipokaribia nikashika bisibisi, mwishoni kijiti cha mwanzi na burashi ya rangi. Pembe ilitokeza ya kahawia, imejaa nyufa kama ardhi ya kiangazi. Kila ufa niliudondoshea gundi iliyoyeyushwa kwa asetoni, nikasubiri inyonywe, nikadondosha tena. Kisha karatasi ya chooni iliyoloweshwa, na juu yake vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, sawasawa na mguu unavyofungwa hogo. Tulipoigeuza watu sita, hakuna aliyepumua. Haikuvunjika.

Joshua ameuliza pia kama huku kulikuwa na mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Hapana, hao walikuwa wa nchi za baridi. Lakini zama za barafu zilitugusa na sisi. Hiyo barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mnayoiona asubuhi iliwahi kushuka chini sana kuliko ilivyo sasa, na pale Oldupai palikuwa na ziwa lililojaa na kupungua kadiri mvua zilivyobadilika. Wanyama hawa walikuja kunywa hapo. Alikuwepo na Sivatheriamu, ndugu wa twiga, shingo fupi, pembe nene, mwili mzito. Namwaza sana huyo. Angepita leo barabarani hapa tusingejua tumwite nani.

Kipande lazima kirudi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, nami nitakikabidhi mwenyewe. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije nikichukue. Joshua akae achore ramani: walisimama wapi, alikiokota mtelemkoni au chini kwenye mchanga, udongo ulikuwa mwekundu au wa kijivu. Ajibu anachokumbuka tu, asibuni.

Kifunge kwenye kitambaa kikavu. Na tafadhali, usikioshe. Ule udongo uliokwama kwenye vitundu huenda ndio pekee uliobaki wa kutuonyesha kilikotoka.

Msalimie Baba Joshua na Bibi.

Rafiki yako,
Mama Neema