Diskasi hawaozeshwi

Langoni, Lamu

Ndugu yangu Swaleh,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa jirani zetu wa huko Malindi. Huku sote wazima. Kusi imeanza kuvuma, usiku kuna ubaridi, na wavuvi wanalalamika kama kawaida yao.

Picha za samaki wako wawili wa diskasi nimezipata na swali lako nimelisoma: mbona dume linampiga jike mchana kutwa? Sheikh, nani kakwambia ni dume na jike? Diskasi hajulikani jinsia kwa kumtazama rangi wala umbo, na anayekuuzia wawili wachanga akakwambia ni jozi amekuuzia samaki wawili, basi. Penye uhakika ni wakati wa kutaga tu, kijimrija kinapochomoza chini ya tumbo. Cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba chenye ncha. Kabla ya hapo ni kubahatisha.

Anayenitia huruma ni yule aliyejibana nyuma ya hita, kile chombo cha kupasha maji ya tangi. Ameingia giza mwili mzima na mistari yake ya wima imejitokeza. Hiyo si rangi yake ya kawaida. Diskasi akiwa na hofu au akionewa hufanya hivyo, na akiendelea kukaa vile ataacha kula, kisha maradhi yampate. Mtenge leo leo, hata kama ni ndoo yenye pampu ya hewa.

Hawa kwao ni bonde la Amazon, Amerika Kusini, kwenye maji yaliyotulia, katikati ya miti iliyoanguka na matawi yaliyozama. Umbo lao la kisahani linawasaidia kupenya humo. Na hawaishi wawili wawili. Ni samaki wa kundi, na kundi lina mkubwa na mdogo. Mkubwa hula kwanza, huchagua pa kusimama, na humsukuma aliye chini yake, naye humsukuma wa chini yake. Wakiwa sita, ubabe huo hugawanyika na hakuna anayeumia sana. Wakiwa wawili, kila kipigo kinamwangukia yuleyule. Ndiyo maana nakwambia, ongeza wengine wanne wa kimo kimoja, na uwatafutie tangi la lita 250 hivi. Najua bei yake. Lakini lile lako la sasa ni la samaki wadogo wadogo, si la hawa.

Halafu waache. Diskasi ni kama vijana wa siku hizi: posa ya wazee hawaitaki, wanachaguana wenyewe. Siku moja utaona wawili wamejitengea pembe, na yeyote anayesogea anafukuzwa. Wataelekeana, mmoja ainamishe kichwa, mwingine naye ainamishe, kisha mwili utetemeke kuanzia mkiani. Baada ya hapo wataanza kudonoa kitu kilichosimama wima, wakikisafisha kwa midomo. Wape mtungi mdogo wa udongo, uugeuze mdomo chini. Madukani wanauza pia vibomba maalumu vya kazi hiyo, ila mtungi unatosha.

Jike hutaga kwa kupanda taratibu kutoka chini hadi juu, akibandika mayai kwa mistari, na dume hupita nyuma yake akiyarutubisha. Yanaweza kuwa mia moja, mia mbili, hata zaidi. Kisha wanapokezana kuyapepea kwa mapezi ya ubavuni. Ukiona yote yamegeuka meupe, pengine hao ni majike wawili. Huchumbiana vizuri kabisa na kutaga, mayai yakawa ya bure. Na jozi mpya kula mayai yao mara za mwanzo si ajabu. Usiwatenganishe kwa hilo, watataga tena baada ya siku chache.

Mayai mazima huanguliwa kama siku tatu hivi. Vitoto hubaki vimening'inia palepale kwenye mtungi vikitikisa mikia, na vikianguka wazazi huviokota kwa mdomo na kuvirudisha. Siku mbili tatu tena, vinaanza kuogelea. Hapo ndipo utakapokiacha chakula chako cha jioni kipoe. Vitoto vyote humfuata mzazi na kumng'ang'ania ubavuni, kwa sababu chakula chao ni ute wa ngozi yake. Mama akichoka hujitikisa kwa nguvu na kuchomoka, vitoto vinabaki majini vinahangaika kidogo, kisha vinamhamia baba aliyesimama karibu akingoja zamu yake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walieleza kwamba protini katika ute huo huongezeka wakati wa kutaga, na kwamba wazazi huvumilia wiki mbili za mwanzo, kisha wiki ya tatu wakaanza kuviacha vitoto kwa muda mfupi mfupi. Yaani wanaachisha kunyonya. Kwa hiyo anayekushauri umtoe baba baada ya mayai kuanguliwa, msikilize kwa adabu tu. Kwa samaki wengine sawa, kwa hawa utampa mama mzigo wa watu wawili.

Sasa maji, maana huko ndiko wengi wanakokwama. Kwa kutaga wanataka maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, yenye tindikali kidogo, na joto la nyuzi 28 hadi 30. Maji ya visima vyetu vya pwani ni magumu, mengine yana chumvi, na kwenye maji magumu mayai hayashiki vizuri. Mimi nakinga mvua ya masika kutoka paa la zege (ya makuti inashuka na uchafu) na kuichanganya na ya kisima kidogo, kwani ya mvua peke yake haina madini ya kutosha. Wazee wetu nao walifuga samaki kwenye birika za nyumbani ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini waliweka bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wasikauke. Wale hawakuwa na makuu. Hawa wako wanataka maji yabadilishwe kila mara na hita isizimwe kipindi hiki cha kusi.

Chakula ni moyo wa ng'ombe uliosagwa, mafuta yote yametolewa, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Mabaki yavute kabla hayajaoza.

Mitungi miwili nampa mtu wa basi la Mokowe. Ukiipokea iloweke siku kadhaa kabla ya kuitia tangini, na unijulishe yule wa nyuma ya hita amekula au bado.

Wako,
Athumani