Kabla mtoaji wa ini hajapanda ndege, apimwe mafuta

Familia zinazotufikia zikiwa na mgonjwa wa ini huwa zimeshachoka. Harambee imefanywa, hospitali imepatikana India, na ndugu mmoja amejitolea kukatwa kipande cha ini lake. Huyo ndugu ameangaliwa kundi la damu, likalingana, basi. Pasipoti ndiyo inayotafutwa. Sisi tunaopiga picha za ndani ya mwili tunaomba jambo moja kabla ya tikiti: ini lake lipimwe mafuta hapahapa Mombasa.

Mtu mzima akimpa mtu mzima mwenzake, mara nyingi hukatwa upande wa kulia, ambao ni kama asilimia 60 ya ini lote. Kinachobaki ndicho kitakachombeba mtoaji mpaka ini limee tena. Ini lenye mafuta mengi huumia zaidi likikaa bila damu wakati wa upasuaji, na humea kwa shida. Ndiyo maana madaktari wa upandikizaji hutulia mafuta yakiwa chini ya asilimia 10, husita yakizidi hapo, na yakipita 30 kwa kawaida humkataa mtoaji. Afadhali neno hilo mtu alisikie akiwa kwao kuliko alisikie ugenini, mgonjwa kalala kitanda cha pili.

Biopsi, yaani kuchoma sindano na kutoa kinyama kidogo cha ini, bado hutumika. Lakini kinyama kile ni kidogo mno, mafuta hayakai sawasawa ini zima, na sindano ina maumivu na hatari ya kuvuja damu. Mtoaji ni mtu mzima wa afya. Tusimchome kama picha inatosha.

Wengi huanza na ultrasaundi. Tunapaka jeli ubavuni, tunamwambia avute pumzi na aizuie, na kwenye skrini ini na figo ya kulia hutokea pamoja, ubavu kwa ubavu. Ini zuri hukaribiana rangi na figo. Lenye mafuta hung'aa jeupe, na kuta za mishipa yake hufifia. Ila mafuta machache, chini ya asilimia 20 hivi, jicho huyakosa mara nyingi. Kwa hiyo ultrasaundi safi usiichukue kama ruhusa ya kusafiri.

CT, yaani picha ya eksirei ya vipande vipande, hulinganisha ini na wengu. Bila dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, ini zuri huonekana zito, yaani jeupe kidogo, kuliko wengu. Likionekana jepesi, yaani jeusi kuliko wengu, hapo pana mafuta. Mtoaji atahitaji CT ya dawa kuonyesha mishipa na ukubwa wa ini, basi omba picha za kabla ya dawa zisirukwe.

Inayotoa jibu la uhakika zaidi ni MRI, mashine ya picha ya sumaku, ya kupima mafuta. Hutenganisha ishara ya maji na ya mafuta, ikatoa asilimia kamili. Chini ya 5 ni kawaida. Haina mionzi, na kipimo chenyewe ni kuzuia pumzi kama sekunde 20. Angekuwa ndugu yangu, ningemtafutia hii. Si kila MRI ina programu hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Dereva mmoja wa tuktuk alitaka kumpa mamake. Ini lake lilipong'aa kwenye skrini aliniuliza, "Basi mama nimemkosa?" Hapana. Mafuta ya ini huondoka. Mtu mnene akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, kwa mwendo wa taratibu na chini ya daktari, ini huonekana tofauti kabisa. Soda na pombe ziachwe, mahamri yapunguzwe, atembee kila siku, kisha apimwe tena kwa kipimo kilekile. Hilo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na mgonjwa huenda hana miezi. Kwa hivyo leteni watoaji mapema, tena wawili au watatu.

Njoo bila kula tangu usiku, maji kidogo ruksa. Kama una chuma mwilini au kifaa cha moyo, tuambie kabla ya MRI.

Na majibu tunampa mtoaji mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Wazee wakisubiri nje watuwie radhi. Ini ni lake, na akitaka kusema hapana, apate pa kulisemea.