"Dokta ongeza moto": hezi siyo ukali jamani

Haipiti siku hapa kliniki bila mtu niliyemwekea mashine ya umeme ya misuli na maumivu kuniambia dokta ongeza moto mbona sisikii kitu, halafu kidole anakielekeza kwenye namba ya hezi. Ile siyo moto. Moto, yaani ukali wa umeme, una kitufe chake, unapimwa kwa miliampia. Hezi ni mapigo mangapi ya umeme yanaingia kwa sekunde moja, basi.

Chukua mtu kaanguka na bodaboda, kakaa na hogo wiki sita, likitolewa paja limesinyaa mpaka anaogopa kuliangalia. Namwekea pedi mbili pajani. Kwa hezi 5 msuli unadundadunda tu, kila pigo na mdundo wake. Kwa 15 unatetemeka. Nikifika kama 30 hivi mapigo yanafukuzana, msuli unakosa nafasi ya kulegea, unakaza wote na kubaki umekaza, na hapo ndo kazi inaanza. Kwa hiyo kujenga paja mimi nacheza kati ya 35 na 50.

Sasa mbona nisipige 80 tumalize haraka? Utachoka. Ukikaza mguu mwenyewe nyuzi za msuli zinapokezana, hizi zinafanya kazi zingine zinapumzika, lakini mashine inaamsha zilezile kwa pamoja, tena na tena, na hezi zikipanda ndo zinaishiwa nguvu mapema. Ndo maana nakupa sekunde 10 za kukaza na 50 za kupumzika, na nyie mnaolalamika kwamba mashine imezima na hela mmelipa, haijazima, inakupumzisha.

Maumivu ni habari nyingine. Hapo naweka 80 mpaka 100 na ukali mdogo, unasikia kama sisimizi wanatembea, msuli hauchezi kabisa. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, hisia za kuguswa zikijaa maumivu yanabanwa kupita. Wengine nawashusha hezi 2 mpaka 4 na ukali wa kudundisha msuli, mwili utoe dawa yake wenyewe ya maumivu.

Mwenye betri ya moyo, mjamzito au mwenye damu iliyoganda mguuni aseme kabla sijawasha, hata kama anaona aibu.

Na siku ya kuja usipake mafuta mguuni, pedi hazishiki.