Kabla Hujaing'arisha Nembo ya Manowari, Igeuze

Picha nyingi tunazotumiwa zinafanana: nembo ya shaba inametameta kama kioo, imepigwa kwa mbele tu, na chini yake swali moja, "Hii ilitoka meli gani?" Mara nyingi jina liko palepale kwenye kibao chake. Shida ni kwamba jina peke yake halitoshi, na huo mng'ao umeshaondoka na nusu ya ushahidi.

Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza nembo ni mali ya jina la meli. Meli ikizama au ikikatwa chuma chakavu, jina hupewa nyingine na nembo hurithiwa. Chukua Ark Royal. Ya mwaka 1914 ilikuwa ya kubeba ndege za majini. Mwaka 1934 ikabadilishwa jina kuwa Pegasus ili jina la Ark Royal lipewe meli mpya. Hiyo mpya ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani Novemba 1941. Baada ya vita zikaja mbili zaidi, moja ikaanza kazi 1955 na nyingine 1985. Na hiyo Pegasus nayo ina mtangulizi wake, kruza (manowari ya ukubwa wa kati) iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914.

Sasa mtu akija na nembo ya Pegasus akasema babu yake aliambiwa imetoka kwenye ile iliyozamishwa Zanzibar, sisi tunaanza na umbo. Nembo rasmi zilianza baada ya kamati kuundwa mwishoni mwa 1918, na mchoraji wake mkuu alikuwa Charles ffoulkes, mtunzaji wa silaha za kale kwenye Tower of London. Kabla ya hapo ilikuwa kila nahodha na lake. Kamati iligawa maumbo: duara kwa manowari kubwa za mizinga mizito, pembe tano kwa kruza, ngao kwa destroya (manowari ndogo za kasi), na umbo la uru, kama lile la karata, kwa meli za kubeba ndege na vyombo vya usaidizi. Kwa hiyo Pegasus ya umbo la uru haiwezi kuwa ya kruza iliyozama 1914. Kumwambia mtu hivyo si raha, hasa hadithi ikiwa imetoka kwa babu, lakini ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgawanyo huo uliachwa, manowari mpya zote zikapewa duara.

Taji lililo juu huwapotosha wengi. Kwenye beji za kofia taji la mfalme lilibadilika baada ya Elizabeth II kurithi kiti mwaka 1952, kwa hiyo hapo linasaidia kukadiria umri. Taji la nembo ya meli ni jingine kabisa: lina matanga na shetri, yaani sehemu za nyuma, za merikebu za kale kwa zamu, na halimfuati mfalme. Ukiona simba wa Ashoka mahali pa taji, hiyo ni ya India baada ya kuwa jamhuri. Majani ya mpo, yale ya bendera ya Kanada, yakiwa chini ya kamba inayozunguka nembo, ni ya Kanada.

Halafu tunaigeuza, na hapa ndipo tunapokaa muda mrefu. Shaba ya kusubu ni nzito na mgongo wake mara nyingi una chembechembe za mchanga wa kalibu. Tunatafuta matundu ya boliti na alama za mahali ilipokazwa. Karibuni tulipokea moja iliyoonekana safi kabisa, lakini kwenye mikunjo ya kamba, chini ya tabaka mbili za bluu, kulikuwa na rangi ya kijivu ya manowari. Mwenyewe alikuwa ameshapanga kuisugua jioni ile! Rangi ya uwanja, yaani ya nyuma ya picha, nayo ni sehemu ya nembo, na simba ni wengi mno kwenye nembo hizi. Kibao cha jina kikipotea, huenda rangi ndiyo inayotenganisha meli mbili.

Vipimo navyo vina maana. Nembo ndogo huenda ilikaa kwenye mashua ya meli, na iliyo kwenye kizibo cha mviringo huenda iliziba mdomo wa mzinga. Iliyobandikwa kwenye ubao wa ngao na imetengenezwa kwa plasta, kwa kawaida ni ya ukumbusho wa kuuzwa. Hata ya shaba halisi inaweza kuwa zawadi iliyokabidhiwa mji au klabu ziarani, kwa hiyo hatuandiki "ilikuwa melini" bila karatasi, picha au alama za kufungwa.

Ukitaka tuitazame, tutumie picha ya mbele, ya mgongo na ya ukingo kwa mwanga wa pembeni, uzito, upana, na maelezo ya ilivyokufikia, pamoja na majina ya waliokuwa nayo kabla yako. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Dawa ya kung'arishia iache kabatini mpaka tukujibu.