Kabla ya kuamini takwimu, tuulize nani alihesabu na lini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii akiwataka wazazi wa Mwanza wawanyang'anye watoto simu na kuwapeleka maktaba, eti kwa kuwa kilichochapwa kitabuni hakina uongo. Nafundisha jiografia sekondari hapa Ilemela, na maktaba ya mkoa naipenda pengine kumzidi yeye. Wanafunzi wangu nawatuma huko kila muhula. Ila nawatuma na swali, na swali hilo halibadiliki, iwe ni kitabu, gazeti, redio au simu: aliyesema hili alijuaje, na alijua lini?

Chukua sensa. Ile ya mwaka 2002 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu zaidi ya milioni 2.9. Ile ya 2012 ikatoa watu 2,772,509. Mwanafunzi akiviweka mezani vitabu viwili, cha zamani na kipya, anaondoka na jibu kwamba ndani ya miaka kumi watu wa Mwanza walipungua. Nimeshasahihisha insha zinazoeleza hadi sababu: Ukimwi, vijana kukimbilia Dar es Salaam, samaki kuadimika ziwani. Mwandiko safi, hoja zimepangika, na zote hewa. Watu hawakwenda popote, mpaka ndio uliohama. Machi 2012 ulizaliwa Mkoa wa Geita, na Busega iliyokuwa ndani ya Magu ikapelekwa Simiyu. Agosti mwaka huohuo sensa ikafanyika kwa mipaka mipya. Vitabu vyote viwili vinasema kweli, kila kimoja kwa Mwanza yake. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ikatukuta 3,699,872.

Atlasi inayoionyesha Geita ndani ya Mwanza, basi, haikukosea ilipochapwa. Imezeeka tu. Na ule ukurasa wa mwanzoni wenye mwaka wa kuchapwa ndio ambao wanafunzi wanauruka, na walimu wengi pia, tusifichane.

Huko mtandaoni nako kuna mtego wake. Uliza ukubwa wa Ziwa Victoria. Sehemu nyingi utaambiwa kilomita za mraba 68,800, na kwingine utakuta namba iliyo chini kidogo ya 60,000. Tofauti ya karibu kilomita 9,000 za mraba si ya kuteleza kidole. Darasani jibu la kwanza huwa ni la kupiga kura: "Mwalimu, tovuti nane zinasema hivi, mbili tu ndizo zinasema vile." Nawauliza, hizo nane ni wangapi waliopima? Mara nyingi hakuna hata mmoja. Wamenakiliana, na ukisoma kwa makini unakuta hadi kosa la tahajia ni lilelile. Walionakili kwa mtu mmoja, hata wakiwa mia, nawahesabu kuwa chanzo kimoja. Na tusisahau kwamba ziwa lenyewe halitulii: mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 yakaipita hata rekodi ya 1964. Waliojenga ufukweni hawana haja ya kufundishwa hilo na tovuti.

Lakini mfano ninaoutumia kuliko yote ni wa meli zetu, kwa kuwa karibu kila familia kanda hii ina mtu wake humo.

MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza. Waliokufa walikuwa wangapi? Nimeona 500, nimeona 800 na ushee, nimeona wanaokaribia 1,000, na kila aliyeandika ameandika kana kwamba hakuna aliyesema tofauti. Sababu ya mgongano huo inajulikana, na ni ya kusikitisha: abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430. Wangapi walikuwamo, hakuna karatasi inayoweza kusema. Ndiyo maana mtu akiniletea idadi kamili mpaka tarakimu ya mwisho, namwamini kidogo kuliko anayesema "mamia" na kueleza kwa nini hawezi kwenda mbele ya hapo. Vijana hudhani namba iliyonyooka ndiyo ya kweli. Kwa MV Bukoba namba iliyonyooka inanifanya niulize: umeitoa kwenye orodha ipi?

MV Nyerere ni somo jingine. Kivuko hicho kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara siku ya Alhamisi, Septemba 20, 2018, kikiwa kimebeba watu wengi kupita 101 walioruhusiwa. Magazeti ya Ijumaa yalitaja waliokufa arobaini na kitu. Jumapili idadi ilishavuka 200. Mwishowe ilitajwa 228. Je, gazeti la Ijumaa lilidanganya? Liliandika miili iliyokuwa imeopolewa hadi usiku ule, kabla uokoaji haujasimama kwa sababu ya giza. Anayeupiga picha leo ukurasa ule na kuusambaza ili kuonyesha kwamba watu "walifichwa" ndiye anayedanganya, tena kwa karatasi ya kweli. Mtu wa namna hiyo ananitisha zaidi ya mzushi wa kawaida, maana ukimbana anakuonyesha gazeti.

Kuna atakayesema basi tuwaachie wataalamu. Sawa, ila nao wasomwe kwa utulivu. Mwaka 1995 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani kwetu: vituo vya afya vilipoboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ikaitaja Mwanza. Mwaka 1999 jarida hilohilo likachapisha utafiti wa Rakai, kusini mwa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. Huko walitibu watu nyumba kwa nyumba, wenye dalili na wasio nazo, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Mvivu atasema mmoja wao ni mwongo. Ukizisoma zote mbili unaona kwamba hazikupima kitu kimoja. Tiba zilitolewa kwa njia tofauti, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umefika hatua tofauti: Mwanza kama asilimia 4 ya watu wazima walikuwa na VVU, Rakai kama 16. Kichwa cha habari kilichobeba utafiti mmoja tu, wowote kati ya hiyo miwili, kingempotosha msomaji bila kuandika neno hata moja la uongo.

Za WhatsApp sitachukua nafasi yako nyingi. Nitaitaja moja tu, ile sauti ya kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza "kesho" kutakuwa na upepo mkali ziwani. Kesho ya lini? Sauti haina tarehe, kwa hiyo kila inapotumwa upya, kesho inaanza upya. Taarifa halisi ya Mamlaka huwa na tarehe ya kutolewa na siku inazozihusu. Mvuvi wa dagaa anayekubali kulaza mtumbwi usiku wa giza nene, ndio wa kazi, kwa ajili ya sauti ya mwaka juzi, amepoteza riziki. Akidanganywa hivyo mara kadhaa, siku ya onyo la kweli atawasha taa zake na kutoka.

Kwa hiyo simu sizinyang'anyi, na maktaba siifanyi msikiti wala kanisa. Ila wewe Mhariri nina maombi kwako, kwa sababu kazi hii si ya walimu peke yao. Mkiripoti idadi ya waliokufa au kujeruhiwa, andikeni idadi hiyo ilitolewa saa ngapi, na nani alihesabu. Picha ya zamani iandikiwe mwaka wake chini. Makala iliyolipiwa na muuza dawa isivalishwe nguo za habari, na muuzaji mwenyewe asiitwe "daktari" kwa kuwa tu ndivyo anavyojiita redioni. Na mkikosea, marekebisho yawekwe palepale kosa lilipokaa. Kosa la ukurasa wa kwanza linaporekebishwa kwa mistari mitatu ukurasa wa 14, chini ya matangazo ya zabuni, aliyelisoma kosa hatayaona marekebisho, na mwanafunzi wangu atakayefungua gazeti hilo maktaba miaka kumi ijayo atanakili ukurasa wa kwanza.

Mwalimu wa Jiografia,
Ilemela, Mwanza